Kujadili adhabu ya kifo barazani bila kukatana undugu

Kwenye mabaraza ya Mikindani, vijiwe vya kahawa vya Lindi mjini na chini ya mikorosho ya Newala, mjadala huu huwaka kwa namna ileile. Redio imetangaza mauaji, mmoja kasema "wanyongwe", mwenzake kajibu kwamba roho ni ya Mungu, na kahawa haijapoa watu wameshaanza kutajana koo. Mara nyingi wabishi hao hawabishanii jambo moja. Kazi ya anayetaka mazungumzo ya heshima ni kuyatenganisha mambo hayo mapema.

Kabla ya yote, jua nani amekaa hapo. Ulizia chinichini kama kuna aliyeuliwa ndugu. Ulizia pia kama kuna mwenye ndugu aliyeko mahabusu au gerezani kwa kesi ya mauaji. Huyu wa pili husahaulika sana, naye hunyamaza tu, akaondoka na kinyongo. Akiwepo mmoja wao, mada isubiri mpaka aianzishe mwenyewe. Msibani isiguswe, wala kabla ya arobaini. Vijiji vya kando ya Ruvuma vinataka uangalifu zaidi: kimojawapo, Kitaya, kilishambuliwa na wapiganaji waliotoka Msumbiji Oktoba 2020, na huko neno "gaidi" lina sura za watu wanaowajua.

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, kila mmoja anahutubia. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, kwa sababu adhana ya magharibi itayafunga mazungumzo bila mtu kuonekana ameshindwa.

Kisha weka sheria mezani, maana nusu ya kelele hutokana na kutoijua. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kosa la kuua kwa kukusudia, na cha 197 kinataja adhabu yake: kifo. Aliyetiwa hatiani kwa kosa hilo, jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua. Kuua bila kukusudia ni kosa jingine, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, wala mwanamke mjamzito. Hukumu zinaendelea kutolewa, lakini mara ya mwisho mtu kunyongwa Tanzania Bara ilikuwa 1994. Rais anaweza kusamehe au kupunguza adhabu kwa ibara ya 45 ya Katiba. Kwa hiyo anayesema "siku hizi hawanyongi, basi imefutwa" amekosea, na anayesema "kila wiki wananyonga" amekosea vilevile. Wasahihishe kwa upole, tena wote wawili kwa pamoja, isionekane umechagua upande.

Sasa tenganisha maswali, na hapa usiharakishe. La kwanza: adhabu hii iwepo au isiwepo kabisa? La pili: ikiwepo, iwe ya lazima, au jaji apewe nafasi ya kupima mazingira ya kosa? La tatu: waliokwisha kuhukumiwa, wanaokaa miaka mingi wakisubiri, wafanyweje? Wanaopingana vikali kwenye la kwanza hukutana mara nyingi kwenye la pili. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ililigusa hilohilo la pili Novemba 2019: ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo, mwaka 1995, ilikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili, lakini ikasema Katiba inairuhusu. Hukumu hiyo ya 1995 ina faida kubwa barazani, kwa sababu kila upande unakuta humo neno lake na neno la mwenzake.

Kwenye dini, isemee yako, siyo ya jirani. Mkristo asimfundishe Mwislamu maana ya kisasi, kwani aya ya 178 ya Surat al-Baqara inayotaja kisasi inataja pia msamaha wa ndugu wa aliyeuliwa na malipo ya diya, yaani fidia ya damu. Mwislamu naye asimwambie Mkatoliki "kitabu chenu kinaruhusu". Kanisa Katoliki lilirekebisha Katekisimu, kitabu chake cha mafundisho, mwaka 2018, na sasa linasema adhabu hii haikubaliki. Uliza: "Kwenu hili mnalielewaje, mzee?" Halafu sikiliza mpaka amalize.

Hoja mbili huharibu mazungumzo kuliko nyingine. Ya kwanza ni "kitanzi kinazuia mauaji" na kinyume chake, "hakizuii chochote". Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za nchini mwao na mwaka 2012 likasema haziwezi kuthibitisha upande wowote. Basi silaha hiyo iwekwe chini na wote. Ya pili ni mfano wa Msumbiji. Ng'ambo ya Daraja la Umoja adhabu hii ilifutwa kwa katiba ya 1990, lakini mkoa wao wa Cabo Delgado una vita tangu 2017, na vita haipimi sheria ya mauaji ya kawaida.

Anayetaka adhabu ifutwe asianze na haki za muuaji. Aanze na aliyeuliwa: amtaje, ampe pole ndugu yake, ndipo azungumzie hatari ya kumnyonga asiye na kosa. Anayetaka ibaki naye ajibu swali la kosa la mahakama bila kulikwepa. Kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako kwa maneno yako: "Mjomba, nikikuelewa, unasema wafiwa hawapati haki mpaka..." Akisema siyo hivyo, rudia tena. Neno "mjomba" nalo lina uzito wake. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba huusemea. Ukimkatiza mbele ya wapwa zake umeukatiza ukoo, hata hoja yako ikiwa sahihi.

Sauti zikipanda, mwachie mtani avunje hasira, ila asimtanie aliyefiwa. Ukimuumiza mtu, usingoje mkutane sokoni. Piga hodi kwake kesho yake asubuhi, taja neno lenyewe ulilolisema, uombe radhi kwa neno hilo, na hoja yako uiache nyumbani.