Namna ya kuchagua marisau makubwa kwa shotigani ya kulindia shamba

Mwenye shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori huingia dukani na swali moja: "Mna SG?", yaani aina ya risasi yenye marisau, au punje, kubwa. Akiambiwa zipo, analipa na kuondoka. Kwa maoni yangu hapo kazi ya kuchagua ndiyo kwanza imeanza. Bunduki mbili za geji moja, hata zikitoka kiwanda kimoja, hazitawanyi risasi zilezile kwa namna moja. Kasha linakueleza kilichomo ndani ya ganda. Kitakachofika kwa mnyama kinaonekana kwenye karatasi ya kulengea, kwa bunduki yako mwenyewe.

Nawaandikia wenye leseni tu. Tanzania, silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya mwaka 2015 ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na leseni hiyo haikupi ruhusa ya kuua mnyama. Ruhusa ya mnyama inatoka upande wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo anza kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Muulize wazi kuhusu saa za giza, aina ya mnyama na mipaka ya eneo, na upate jibu kwa maandishi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Msomaji wa huko asichukue hatua hizi kama ruhusa.

Hatua ya 1: Soma mtutu kabla ya kusoma kasha

Hakikisha bunduki haina risasi, ifungue, kisha tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma cha mtutu karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Utaona 12/70, au 2¾, ambavyo ni kitu kimoja: chemba ya milimita 70. Bunduki nyingine zina 76, yaani inchi 3. Za zamani za Kiingereza mara nyingi zina 65.

Usitumie kamwe risasi ndefu kuliko chemba. Hatari yake imejificha, kwa sababu risasi ya 76 huingia kwenye chemba ya 70 bila kukwama. Urefu unaoandikwa kwenye kasha ni wa ganda likiwa limeshafunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa na ganda ni fupi. Ukifyatua, mikunjo inafunguka kuelekea mbele, inakuta mtutu umeanza kuwa mwembamba, njia ya marisau inabanwa na shinikizo linapanda kupita kiasi.

Kama bunduki ni ya urithi na mtutu una michirizi ya mawimbi, kama chuma kilichosokotwa, huenda imetengenezwa kabla ya baruti za kisasa. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye kibali aikague kwanza. Marisau makubwa yasubiri.

Jambo jingine katika hatua hii: risasi ya geji 20 isikae nyumba moja na bunduki ya geji 12 ikiwezekana, na isikae mfuko mmoja kwa vyovyote. Ya geji 20 huteleza ndani ya chemba ya 12 na kukwama mbele. Mtu akidhani chemba ni tupu, anaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka kwenye mkono wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano.

Hatua ya 2: Tafuta milimita, usitosheke na herufi

Kwetu majina ya Kiingereza bado yanatawala: LG, SG, SSG, AAA, BB. Makasha ya Marekani yanaandika 000, 00, 0, kisha 1 hadi 4, na kadiri namba inavyopanda ndivyo punje inavyokuwa ndogo. Ya Ulaya mara nyingi yanataja idadi ya punje, 9 au 12 au 21 au 27, pamoja na kipenyo chake.

Kwa kipimo cha Kiingereza, SG ni takriban milimita 8.4, sawa na 00 ya Marekani. LG ni 9.1, sawa na 000. AAA ni 5.2 na BB ni 4.1. Namba 1 ya Marekani ni 7.6, namba 4 ni 6.1. SSG ndiyo inayochanganya watu, kwa sababu ukubwa wake hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kama kasha halina milimita wala idadi ya punje, mwombe muuzaji kasha jingine.

Hatua ya 3: Mfikirie mnyama

Nguruwe pori mkubwa ana kilo 60 au zaidi, na dume lina ngozi nene mabegani. Moyo na mapafu yake vimekaa mbele, chini, nyuma ya mguu wa mbele. Punje lazima ipite ngozi, misuli na pengine mbavu ndipo ivifikie.

Punje moja ya 00 ina uzito wa gramu 3.5 hivi, na risasi ya kawaida ya milimita 70 hubeba punje 9. Punje ya namba 4 ni gramu 1.3 na risasi hubeba 27. Wengi huvutwa na 27 wakiamini wingi utafidia. Sikubaliani nao. Punje ya mviringo hupoteza kasi upesi hewani, na iliyo nyepesi hupoteza zaidi. Kwenye umbali ambao SG bado inapenya, namba 4 inaweza kuishia kwenye nyama ya bega, na mnyama akakimbia kwenda kufa siku kadhaa baadaye, au akageuka kumjeruhi mtoto anayekwenda kisimani.

Pendekezo langu kwa nguruwe pori ni SG au 00. Ukibahatika kupata namba 1, yenye punje 16, nunua ujaribu: punje bado ni nzito vya kutosha, na kwa wingi wake zinajaza vizuri mapengo kati yake. AAA haifiki gramu moja kwa punje. AAA na BB usizitumie kwa nguruwe, hata kama jirani anasifia.

Hatua ya 4: Angalia punje zimetengenezwaje

Punje za madini laini ya risasi hupondeka wakati wa kufyatuliwa, na punje iliyopondeka huenda upande. Kwa hiyo tafuta kasha linalosema punje ni ngumu, zimepakwa shaba, au zimezungushiwa chembechembe za plastiki za kuzilinda. Ndani ya risasi nzuri kuna pia kikombe cha plastiki kinachozishika pamoja. Kampuni ya Federal ya Marekani ina kikombe kiitwacho FliteControl ambacho hubana punje kwa namna ya ajabu, ila bei yake ni kubwa na huku hazipatikani kirahisi.

Kasi usiikimbilie. Risasi ya mita 350 kwa sekunde mara nyingi hukusanya punje vizuri kuliko ya mita 400, na bega lako litashukuru.

Hatua ya 5: Karatasi

Nunua kasha dogo la aina mbili au tatu, usinunue akiba bado. Nenda uwanja wa shabaha, au mahali ambapo polisi na uongozi wa kijiji wamekukubalia, penye ukingo mrefu wa udongo nyuma. Vaa miwani na ziba masikio.

Pasua mifuko ya saruji upate karatasi pana, karibu mita moja kila upande. Katikati chora duara la sentimita 25, ndilo eneo la moyo na mapafu. Pima kwa futi kamba mita 10, 15, 20, 25 na 30. Piga risasi tatu kwa kila umbali, kila moja na karatasi yake, na uandike papo hapo aina, umbali na mbano wa mdomo wa mtutu (choke), yaani kiasi mtutu unavyosinyaa mwishoni. Ukipiga tatu kwenye karatasi moja hutajua lipi ni tundu la nani.

Kisha hesabu. Kipimo changu kwa punje 9 ni hiki: angalau 5 ndani ya duara, na zote 9 ndani ya karatasi, kwa risasi zote tatu. Hata ya tatu peke yake ikishindwa, umbali huo haufai, sogea karibu mita tano. Risasi za bei nafuu kwenye mtutu wenye mdomo mpana kwa kawaida huniishia mita 15. Nzuri hufika 25. Zaidi ya 30 sipigi, na sishauri mtu.

Kama mbano wa mdomo unabadilishika, jaribu zaidi ya mmoja. Watu hudhani unaobana sana ndio bora, lakini kwa punje kubwa mara nyingi huzigonganisha na kuziharibu. Mbano wa wastani hushinda mara nyingi. Kwa bunduki ya mitutu miwili, jaribu kila mtutu peke yake, kwa sababu huenda mmoja unapiga juu kushoto na mwingine chini.

Hatua ya 6: Zinazokosa zinakwenda wapi?

Punje ya 00 iliyopigwa kwa pembe ya juu inaweza kusafiri zaidi ya mita 600. Hesabu nyumba, njia na visima vilivyo ndani ya umbali huo. Hapa dungu lina faida kubwa: ukikaa juu unapiga kuelekea chini, na punje zilizokosa zinaingia ardhini. Usipige mahindi yanayotikisika. Usipige macho yanayong'aa kabla hujaona mwili mzima. Mnyama akijeruhiwa na kuingia kichakani, usimfuate peke yako. Mpigie simu ofisa wanyamapori.

Hatua ya 7: Nunua, tenga, weka alama

Sasa rudi dukani ununue aina iliyoshinda, ikiwezekana yenye namba ileile ya toleo iliyogongwa kwenye kasha. Zifungie mahali pakavu, mbali na bunduki, na ganda lililovimba au kuota kutu kwenye kitako lirudishe polisi.

Shambani, pima kutoka dungu hadi umbali wako wa mwisho, uchomeke vijiti vyenye vitambaa vyeupe kuzunguka pande zote unazoruhusiwa kupiga. Nguruwe akiwa ng'ambo ya vijiti, usifyatue, gonga debe umfukuze.