Namna ya kuishi na wasiwasi uliopitiliza bila kuukimbia

Kila mtu hupatwa na wasiwasi anapokabiliwa na mtihani au anapouguza mtoto, na jambo lenyewe likishapita, wasiwasi nao huondoka. Unaohitaji kushughulikiwa ni ule unaobaki bila sababu ya wazi, ukakunyima usingizi, ukakaza shingo na kuvuruga tumbo. Ukidumu siku nyingi kwa muda wa miezi 6 au zaidi, madaktari huuhesabu kuwa ni ugonjwa. Anza kwa kupimwa mwili, kwa kuwa upungufu wa damu, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, huweza pia kuuendesha moyo mbio. Maumivu ya kifua yanayokupata kwa mara ya kwanza yapelekwe hospitali mara moja, wala usijiambie kuwa ni mawazo tu.

Jambo linalourefusha wasiwasi kuliko yote ni kuukwepa. Mfikirie mtu aliyebanwa ndani ya daladala lililojaa: moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, anahisi pumzi inamwishia, naye anagonga bati ili ashushwe kabla ya kituo chake. Akishuka anapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba daladala ni hatari na kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa. Safari inayofuata hofu inaanza angali kituoni, na baada ya muda anaacha kwenda sokoni, kisha kazini. Laiti angebaki ameketi, mara nyingi hofu ingefika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha ikaanza kushuka yenyewe.

Kwa hiyo rudi kwenye kile unachokiogopa, lakini kwa hatua ndogo. Panda gari saa ambazo abiria ni wachache, keti karibu na mlango, uende kituo kimoja tu. Rudia safari hiyohiyo siku kadhaa hadi ikuchoshe badala ya kukutisha, ndipo uongeze kituo cha pili. Hofu ikipanda, vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, uitoe ukihesabu hadi 6, na usishindane nayo. Anayekusindikiza asikuambie “acha kufikiria”, kwani hakuna aliyewahi kupona kwa kuambiwa hivyo. Inatosha akae kando yako, na safari za baadaye akusubiri kituoni.

Kwa mawazo ya usiku, tenga dakika 20 za jioni, mbali na kitanda, uandike yote yanayokusumbua. Lile unaloweza kulitendea jambo, kama vile ada ya shule, liandikie hatua moja ya kesho. Lile lisilo na hatua liache kwenye karatasi. Nchini Zimbabwe, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 huwaketisha akina bibi waliopewa mafunzo kwenye mabenchi ya zahanati, wakamsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua anayoiweza. Shangazi au jirani msikivu anaweza kukusaidia vivyo hivyo.

Punguza kahawa, chai kali, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu, hasa kuanzia mchana, kwani kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, chai na vinywaji hivyo, hukaa mwilini kwa saa nyingi, na miraa nayo huchangamsha mwili.

Ikiwa bado huwezi kufanya kazi au kulala, muone daktari au mshauri wa afya ya akili. Kufanya hivyo hakupingani na sala zako. Usijinunulie diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, dukani, maana mwili huizoea upesi na kuiacha kukawa kugumu. Dawa nyingine anazoweza daktari kukuandikia huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na hazifai kukatishwa ghafla. Ukijiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu wa karibu saa hiyohiyo, akupeleke hospitali iliyo jirani na asikuache peke yako hadi mtakapopokelewa.