Tanga minyoo wa mboji huuawa na joto kabla ya njaa

Mtu anayefuga minyoo wa mboji nyumbani akiona wanapungua, swali lake la kwanza huwa ni chakula: niwape nini? Kwa mji wa pwani kama Tanga, hilo ni swali la pili. Mnyoo hukaa hata wiki bila kulishwa na asidhurike, kwa sababu karatasi na majani makavu anayolalia ni chakula chake pia. Ila mchana mmoja wa Januari, beseni likiachwa juani, unatosha kuwamaliza wote.

Minyoo wekundu, ndio hao wa mboji, hustawi kwenye nyuzi joto 15 hadi 25, na zikizidi 35 hufa. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana wetu hupita nyuzi 30, na kibanda cha bati huwa na joto zaidi ya hapo. Weka chombo chini ya mwembe au kwenye baraza inayopitiwa na upepo, kisha kifunike kwa gunia la katani lililoloweshwa. Maji yanayokauka kwenye gunia hupoza kilicho chini yake. Saa nane mchana tia mkono ndani. Ukihisi vuguvugu, ongeza kivuli.

Joto jingine tunaliingiza wenyewe. Mabaki ya jikoni yakirundikwa huchacha na kupata moto, hata kama chombo kiko kivulini. Samadi mbichi ni hatari zaidi, hivyo igeuzegeuze kwa wiki mbili au tatu hadi ipoe kabisa. Pia muulize mwenye ng'ombe kama amewapa dawa ya minyoo siku za karibuni, kwani baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu ya kuua.

Kwa kilo moja ya minyoo, anza na robo kilo ya chakula kwa siku. Kifukie upande mmoja, na ukifukua ukakuta cha jana bado kipo, usiongeze. Maganda ya ndizi, papai na tikiti, majani ya chai, mabaki ya mchicha: vyote ni vizuri. Maganda ya machungwa ya Muheza yaache kando, yana asidi na mafuta yanayowaunguza. Machicha ya nazi nayo hayafai, ingawa kila jiko la hapa huyatoa kila siku. Yana mafuta mengi, huchacha upesi, na huita sisimizi. Wape kuku.

Sisimizi wenyewe huzuiwa kwa kusimamisha miguu ya meza ya chombo ndani ya makopo yenye maji.

Chumvi ndiyo inayowaponyoka wengi. Vumbi la makumbi ya nazi ni malalo mazuri, yaani kitu cha kuwalaza minyoo, kwa sababu hushika maji, lakini makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba (nyuzi za kamba) yamenyonya maji ya bahari. Yasuuze mara kadhaa au tafuta mengine. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, tumia ya mvua. Kuhusu kiasi, fumbata malalo kwa nguvu: tone moja au mawili yakitoka, unyevu unatosha. Mnyoo hupumua kwa ngozi, kwa hiyo akikauka hawezi kupumua, na malalo yakituama maji hukosa hewa. Toboa matundu chini ya chombo.

Ukiwakuta wamepanda kwenye kuta za chombo na kukusanyika chini ya kifuniko, wanakimbia kitu. Nusa. Harufu ya uchachu maana yake umewalisha kupita kiasi: toa chakula kilichooza, changanya karatasi zilizochanwa na maganda ya mayai yaliyosagwa laini, kisha acha kulisha kwa siku kadhaa.

Na wakifa wengi, usimwage malalo. Chambua walio hai uwahamishie chombo kipya, kisha malalo ya zamani yaweke kivulini yakiwa na unyevu. Ndani yake mna vifuko vya mayai, vidogo, vya rangi ya manjano au kahawia, vyenye umbo la limau. Huvumilia ukavu kuliko minyoo wenyewe, na vilivyo hai huanza kuangua baada ya takriban wiki tatu.