Tovuti ya Mpiga Picha Mkongwe: Chuja Kwanza, Sanifu Baadaye

Mpiga picha aliyekaa kazini miaka 15 hahitaji tovuti ya kuthibitisha kwamba anajua kupiga picha. Anachohitaji ni mteja, awe mhariri aliyeko Nairobi au bibi harusi mtarajiwa wa Entebbe, afungue simu, aone upesi picha za aina anayoitaka na ajue pa kubonyeza. Kwa hiyo kazi yako, msanifu wa tovuti, huanzia kwenye maktaba ya picha, kabla ya kuwaza rangi za ukurasa.

Mwombe picha 100. Zipunguze hadi 40, kisha mkae pamoja mzifikishe 25 au 30. Hapa ndipo mvutano hutokea: atang'ang'ania picha moja kwa sababu alipanda milima ya Rwenzori siku nne kuitafuta. Mtazamaji haoni jasho hilo. Picha mbili zikisema jambo lilelile, moja itoke. Zilizobaki zigawe mafungu matatu au manne kwa aina ya kazi inayomlipa: wanyamapori, kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi, kazi za mashirika. Gorila wa msitu wa Bwindi asipangwe na gomesi, vazi la sherehe la wanawake, kwenye ukurasa mmoja.

Kisha uzito. Bando la intaneti Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na picha 30 za MB 8 kila moja ni MB 240. Nani atasubiri? Toa nakala za pikseli 2048 upande mrefu, ubora wa JPEG wa 75 hadi 80, kila moja isizidi KB 400. Vijipicha vya orodha vitoshe pikseli 600. Zilizo chini zipakiwe mtazamaji anapozikaribia, lakini ile ya juu kabisa ije papo hapo, la sivyo ukurasa utafunguka mtupu.

Wakati wa kutoa nakala, badili rangi ziwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa tovuti. Faili ya Adobe RGB, mfumo wenye rangi nyingi zaidi, iliyopoteza wasifu wake wa rangi (maelezo yanayotaja mfumo wake) hufifia kwenye kivinjari, ngozi ikawa kama imepakwa majivu, na lawama humwangukia msanifu. Mandharinyuma nyeusi ya ukurasa hupendeza ofisini. Juani, hugeuza simu kuwa kioo cha kujitazama. Nyeupe au kijivu hafifu ni salama zaidi.

Alama kubwa ya jina katikati ya picha iachwe. Pikseli 2048 zikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi hazivuki sentimita 17 hivi, kwa hiyo mwizi hapati bango. Ndani ya faili acha jina la mwenye hakimiliki, ila futa alama za GPS zinazoonyesha mahali picha ilipopigwa, hasa kwa faru: majangili nao wanazisoma. Picha za harusi ziwe na kibali cha maandishi. Za watoto, cha mzazi au mlezi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusika hapa.

Anwani ya tovuti isajiliwe mpiga picha mwenyewe akiwa mmiliki. Kitufe cha WhatsApp kibebe namba yenye 256, msimbo wa Uganda, mwanzoni, maana mteja wa nje hatapata 07.

Kabla ya kuhamia tovuti mpya, orodhesha anwani zote za zamani. Za mkongwe zimetajwa kwenye makala za miaka mingi. Kila moja ielekezwe kwa 301 (msimbo wa kuhamisha anwani moja kwa moja) kwenye ukurasa unaolingana nayo; ukizitupa zote ukurasa wa mwanzo, aliyefuata picha ya tembo atajikuta mlangoni na kuondoka.