Mlango wa pikapu umelala? Badilisha pini na bushi za bawaba, loki iache

Mlango wa dereva kwenye pikapu ya zamani ukianza kulala, yaani ukitaka kuufunga mpaka uunyanyue kwanza kwa mkono, mafundi wengi wanakimbilia loki. Anachukua nyundo anakigonga kile chuma cha nguzoni kinachopokea loki kishuke, mlango unafunga, unalipa unaondoka, halafu baada ya muda umerudi palepale kwa sababu bawaba zinaendelea kuliwa. Wengine ndo kabisa, wanatia kipande cha ubao kwenye bawaba na kuusukuma mlango kwa nguvu ili ujikunje. Loki haina kosa yakhe, kinacholiwa ni pini na bushi, yaani kile kibomba kifupi kinachovikwa kwenye tundu la bawaba pini ipite ndani yake.

Kwanza ujue ugonjwa uko wapi. Fungua mlango nusu, shika upande wa loki, unyanyue na uushushe taratibu, mwenzako achuchumae aiangalie bawaba ya juu. Pini ikicheza ndani ya tundu, ndo kazi yetu ya leo. Bawaba nzima ikihama kwenye nguzo, bolti zimelegea, kaza tu. Lakini ukiona bati la nguzo lenyewe linapumua pamoja na bawaba, ndani mmeshaingia kutu, hapo muite fundi bodi akate na achomelee bati jipya, maana pini mpya haitokusaidia kitu. Mara nyingi ya juu ndo inatangulia kulegea kwa sababu uzito wa mlango unaivuta nje wakati ya chini inasukumwa ndani, tena ongeza na hii tabia yetu ya kupanda gari kwa kuning'inia kwenye mlango na kupumzisha kiwiko dirishani njia nzima.

Gari za samaki ndo usiseme. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka mpaka kwenye bawaba, ukichungulia unakuta unga mwekundu kama hina umejaa pembeni ya pini. Hizo zitie mafuta ya kulainisha kutu jioni, ziache zilale nayo, asubuhi ndo uanze.

Kabla hujafungua chochote, chora alama kwa msumari kuzunguka bawaba pale ilipokaa, penseli itafutika na mafuta. Pandisha kioo juu. Weka jeki chini ya mlango, juu ya jeki ubao na tambara, nyanyua kidogo tu mpaka bawaba zisiwe na mzigo. Kama kuna ule mkanda unaozuia mlango usifunguke kupita kiasi, utoe. Halafu fanya bawaba moja moja, ukitoa zote mbili kwa pamoja utahangaika kuurudisha mlango mahali pake.

Angalia kichwa cha pini kiko upande gani, kama kiko juu basi gonga kutokea chini. Zile zilizofinywa ncha zote mbili kiwandani itabidi usage ncha moja kwa grainda kwanza, na kama nafasi haitoshi ifungue bawaba uipeleke kwenye jiliwa. Gari za Kimarekani baadhi yake zina springi palepale kwenye bawaba, usiichokoe kwa bisibisi ovyo, ikiruka inatoa jicho.

Pini ikishatoka utaona mwenyewe, imeliwa upande mmoja mpaka imefanya kiuno. Usipime hapo kwenye kiuno! Pima pale ambapo haikuguswa, kwa vernia (kile kipimo cha unene chenye taya mbili), maana ndo saizi yake ya asili. Wenye Chevrolet za 1973 mpaka 1987 kule Marekani wananunua seti ya pini na bushi imekamilika, sisi wenye Hilux na Datsun za zamani tunapeleka kwa mkerezaji. Mwambie pini ya chuma kigumu na bushi za bronzi, na bushi ziwe na kola, yaani ukingo uliotokeza nje ya tundu, kwa sababu ile kola ndo inabeba uzito wa mlango, bila yake masikio ya bawaba, zile pande zenye matundu ya pini, yatasagana yenyewe kwa yenyewe. Nafasi baina ya pini na bushi iwe kama milimita 0.05 hadi 0.1, yaani pini iingie kwa kidole lakini isitikisike.

Tundu la bawaba likiwa limeshakuwa yai, bushi ya saizi ya mwanzo haitokaa. Linapanuliwa kwa drili ya kusimama, masikio yote mawili kwa mpigo mmoja ili yawe kwenye mstari, na bushi inakerezwa nene zaidi. Drili ya mkono sikio moja moja hapana, pini itapita upande na mlango utakuwa mzito kufungua.

Bushi usiipige nyundo itapasuka kola. Chukua bolti ndefu na washa mbili, kaza nati polepole, inaingia yenyewe. Ikishaingia tundu lake linabana kidogo, kwa hiyo jaribu pini, ikikataa panua bushi, pini usiiguse kwa tupa. Na wale wanaotumia bolti badala ya pini, sawa kwa dharura, ila iwe ndefu ili sehemu ya nyuzi ibaki nje, nyuzi zikikaa ndani ya bushi zinaikeketa kama msumeno.

Paka grisi, rudisha, fuata alama zako za msumari, bolti kaza kwa zamu. Funga mlango taratibu mara ya kwanza, angalia uwazi baina yake na bodi uko sawa juu mpaka chini. Sasa ndo urudi kwenye kile chuma cha loki, kama kuna fundi alishakigonga kikashuka utaona kivuli cha rangi ya zamani nguzoni pale kilipokaa mwanzo, kipandishe hapo.

Ukiosha gari kwa maji ya mfereji, yaani ya bomba, bawaba nazo ziguse, zikikauka tia grisi nyengine kidogo. Na mlango wa abiria unyanyue siku hiyohiyo uuone, maana ukikereza pini za milango yote pamoja bei inakuwa nafuu.