Kununua fleti ya zamani Fukuoka, Japani, ili upangishe: soma makaratasi ya jengo kwanza

Tangazo linasema chumba kimoja Fukuoka, karibu na kituo cha treni, yen milioni 5, faida asilimia 9.6, na mtu tayari anaulizia namna ya kutuma hela. Tulia mdau. Mgeni anaruhusiwa kununua Japani hata kama haishi huko, hilo halina shida, ila hiyo 9.6 ni ya kwenye tangazo tu.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme pango ni yen 40,000 kwa mwezi, mwaka mzima 480,000, ndo hiyo 9.6 yao. Sasa toa savisi chaji (hela ya usafi na uangalizi wa jengo) 9,000 na mchango wa mfuko wa ukarabati 7,000, hivyo vyote ni kila mwezi, awepo mpangaji asiwepo unalipa. Toa asilimia 5 ya wakala anayekusanya pango, toa kodi ya majengo tuseme 40,000 kwa mwaka, unabaki na 224,000 hivi, yaani asilimia 4 na nusu, na hapo chumba hakijakaa wazi hata mwezi mmoja wala AC haijafa. Dalali naye yupo. Tangu Julai 2024, kwa nyumba isiyozidi yen milioni 8 anaruhusiwa kuchaji mpaka 330,000 pamoja na VAT, kwa hiyo vyumba vya bei chee ndo vinaumia zaidi.

Halafu tarehe. Sheria mpya ya ujenzi wa kuhimili matetemeko ya ardhi ilianza 1 Juni 1981, na kinachoangaliwa ni siku jengo lilipopata kibali cha ujenzi, sio siku lilipokamilika, kwa hiyo jengo la 1982 linaweza kabisa kuwa la sheria ya zamani. Muulize dalali akuonyeshe tarehe ya kibali, asikujibu kwa mdomo.

Kabla hujalipa chochote omba ripoti ya kampuni inayosimamia jengo. Mimi hapa ndo natumia muda mwingi kuliko kukagua chumba chenyewe, maana ukuta unapakwa rangi wikiendi moja, mfuko wa ukarabati haujazwi hivyo. Angalia salio la mfuko, wamiliki wangapi wana madeni, ukarabati mkubwa wa mwisho (ule wa kuzungushia jengo jukwaa la mafundi, rangi ya nje, kuziba paa) ulifanyika lini, kawaida huwa kila miaka 12 hadi 15, na kama mabomba yameshabadilishwa. Jengo la miaka 40 wanachanga yen 3,000 kwa mwezi na salio limekauka? Usifurahie unafuu, mchango utapanda au mtaambiwa mtoe mkupuo. Na kama muuzaji alikuwa halipi michango, kisheria deni lake chama cha wamiliki kinaweza kukudai wewe, kwa hiyo lisafishwe kabla ya kukabidhiana.

Ukifika kwenye jengo pita kwenye masanduku ya barua. Mengi yakiwa yamezibwa kwa utepe wa gundi ujue vyumba viko wazi. Ndani, vyumba vingi vya miaka ya 80 choo, sinki na bafu viko kwenye kiboksi kimoja cha plastiki, vijana siku hizi hawavitaki, pango litashuka tu.

Kikiuzwa na mpangaji ndani, mara nyingi hutaruhusiwa hata kuchungulia, na mkataba wake unaurithi kama ulivyo pamoja na dhamana aliyoweka, kumtoa sio rahisi kabisa. Anayeishi nje ya Japani ateue mtu wa kushughulikia kodi zake kule na apeleke taarifa ya ununuzi kupitia Benki Kuu ya Japani ndani ya siku 20. Kwa huyo huyo wa nje, mpangaji akiwa kampuni, inakata kodi ya asilimia 20.42 ya pango moja kwa moja kabla ya kumlipa.

Na wale wa kuwaza Airbnb (kupangisha wageni kwa siku chache chache), soma kanuni za jengo, mengi yamepiga marufuku, na pasipokatazwa bado kwa usajili wa kawaida mwisho ni siku 180 kwa mwaka.