Fundi bunduki Marekani ukiwa na miaka 45: anza na makaratasi

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii wengi ni wa rika langu. Mtu ameendesha lori miaka kumi na tano, au ameinua wazee kwenye nyumba za matunzo mpaka kiuno kimekataa, na sasa anataka kazi ya benchi, ya mikono na utulivu. Mimi nilitoka kwenye lori. Kila anayeniuliza namwambia kwanza aiweke karatasi yake ya uhamiaji mezani, habari ya ada ya chuo ije baadaye.

Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeko Marekani kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi. Vighairi vipo, kama leseni ya uwindaji, lakini usijenge maisha juu ya kighairi. Asiye na kibali kabisa asiiguse. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na anaweza kuomba hata leseni ya biashara. Ukikosea hapa unafungwa, kisha unapandishwa ndege.

Yapo mengine yanayofunga mlango. Hukumu ya kumpiga mwenzi wako, hata likihesabiwa kosa dogo, inatosha tangu 1996. Bangi nayo, hata kama jimbo lako limeihalalisha, serikali kuu haijairuhusu, na fomu ya kununulia bunduki inakuuliza waziwazi. Na ninyi ndugu zangu wa miraa, au mirungi: kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi iko kwenye daraja kali kuliko yote la dawa za kulevya tangu 1993. Kule Meru ni zao la biashara. Huku ni kesi.

Ukishavuka hapo, vyuo vipo. Trinidad State kule Colorado wanafundisha ufundi huu tangu miaka ya 1940. Kipo pia Murray State huko Tishomingo, Oklahoma, Montgomery Community College mjini Troy, North Carolina, na shule ya Pittsburgh, Pennsylvania. Kozi za mtandaoni nazo zipo, ila mimi siziamini sana kwa mtu ambaye hajawahi kushika tupa. Aliyewahi kukereza vyuma, kuchomelea au kufanya kazi jua kali atatangulia wengine, maana siku nyingi hutasikia hata mlio mmoja wa risasi. Utakuwa unapiga tupa na msasa, unapima, unapiga tena.

Kosa langu la kwanza lilikuwa bisibisi. Nilichukua ya kawaida ya dukani, ambayo ncha yake imechongwa kama kabari, nikafungua skrubu ya bunduki ya marisau ya mzee mmoja, ya urithi wa baba yake. Ikateleza, ikakwaruza chuma. Bisibisi ya fundi bunduki ina ncha ya pande sambamba inayojaa mfereji wa skrubu sawasawa. Nilirudisha ile kazi bila malipo, na mkwaruzo bado upo.

Ukitaka kufungua karakana yako utaomba leseni ya shirikisho kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha: dola 200 kwa miaka mitatu, alama za vidole, picha, na afisa atakuja kukuhoji. Nyumbani inawezekana ikiwa sheria za mtaa zinaruhusu. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla. Kila bunduki inayolala kwako lazima iandikwe kwenye daftari la kupokea na kutoa. Mteja akisubiri ukamaliza siku hiyohiyo, huandiki. Mafundi wanaopenda chuma na kuchukia kalamu hawadumu.

Kuhusu pesa, usiache kazi yenye bima ya afya mwaka wa kwanza. Wateja wanajaa kabla ya msimu wa kulungu, kisha kimya. Mwanzoni ni kusafisha, kufunga darubini, kubadilisha kitako.

Wakongo na Warundi mlioko Ubelgiji mna bahati ya lugha: Liège ni mji wa mafundi bunduki kwa karne nyingi, na shule ya Léon Mignon inafundisha kwa Kifaransa. Kibali cha kufanya ufundi bunduki huko hutolewa na gavana wa mkoa.

Siku binamu akikuandikia kutoka Singida, "nitumie springi tu ya bunduki ya mzee", usiichomeke kwenye pipa la nguo unalotuma nyumbani. Vipuri vya bunduki vina sheria zake za kutoka Marekani, na Tanzania ina sheria yake ya silaha ya 2015. Mwambie aende polisi aulizie utaratibu.

Kwa sasa nunua jiliwa, tupa na kipande cha chuma cha dola chache. Kichonge kiwe mchemraba, pande zote sawa, uupime kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba. Ukifika saa ya tatu ya kuchonga, mikono inauma na bado hutaki kuinuka, andikia chuo.